MTOTO HAENDI KWENYE MTIHANI PEKE YAKE

Hii ni hotuba aliyoitoa mwalimu mmoja mstaafu mbele ya wanachama na wazazi wa tawi moja la shamba katika Mkoa wa Dodoma, majuma mawili kabla ya mtihani wa Darasa la Saba. Twaichapa kama ilivyosemwa, maana yaliyomo yalihusu kila tawi lililo na shule karibu nalo.



Katibu aliponiomba nije niseme habari ya mtihani, nilimwuliza, "Je, watakaofanya mtihani si watoto? Mbona waniita niseme na wazee?" Akanijibu, "Mwalimu, watoto wamekwisha kusoma miaka saba. Waliobaki bila kusoma ni sisi." (Kicheko.) Mmecheka, nami nilicheka. Lakini nilipofika nyumbani niliyafikiri maneno yale nikaona ni ya kweli. Basi leo sikuja kuwafundisha watoto, nimekuja kusema na wazazi wao.

Ndugu zangu, kwanza yatupasa kukumbuka tulikotoka, maana vijana wengi waliomo humu hawakuziona siku zile, na wengine wadhani shule iliota yenyewe kama mbuyu.

Chama kilichoongoza kupigania uhuru wa Tanganyika, TANU, kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Rais wake, Mwalimu Julius Nyerere, alikuwa akifundisha shule ya Pugu, na mwaka 1955 aliiacha kazi ile ili aifanye kazi ya kuikomboa nchi. Siku zile mtoto wa Mwafrika aliyebahatika kupata shule alikutana na mtihani akiwa Darasa la Nne, na njia ya wengi iliishia hapo. Aliyepenya alikutana na mwingine Darasa la Nane, na hapo tena wengi walirudishwa nyumbani. Hawakurudishwa kwa kukosa akili, walirudishwa kwa sababu viti vilikuwa vichache, navyo vilikuwa vichache kwa sababu waliotutawala hawakuona haja ya kuviongeza.

Wazazi wa siku zile walifanyaje? Je, walikaa chini ya mti wakalaumu? Hapana. Waliunda chama chao cha wazazi, TAPA, wakachanga senti walizokuwa nazo, wakakata miti na kukandika udongo, wakajenga shule za kuwaweka watoto waliokosa nafasi. Wengi wa wazee wale hawakujua kusoma hata barua. Lakini walijua ya kwamba mtoto asiyesoma atatawaliwa na aliyesoma.

Tulipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, watoto waliokuwa katika shule za msingi nchi nzima ya Tanganyika walikuwa kama 490,000. Katika shule za sekondari walikuwa 11,832 tu, na kati yao waliokuwa Kidato cha Sita walikuwa 176. Nasema mia moja sabini na sita, katika nchi nzima! Mwaka 1967, Mwalimu alipoandika Elimu ya Kujitegemea, watoto wa shule za msingi walikuwa wamefika 825,000 na wa sekondari 25,000. Hata hivyo, katika kila watoto 100 waliomaliza shule ya msingi, kama 13 tu ndio waliotazamiwa kupata nafasi ya sekondari. Mwaka 1974 chama kiliazimia pale Musoma ya kwamba kila mtoto aingie shule. Mwaka 2002 ada ya shule za msingi ilikwisha ondolewa, na kuanzia mwaka 2016 mtoto husoma mpaka Kidato cha Nne bila ya kulipa ada katika shule za serikali. Mwaka 2024 watoto walioandikishwa kufanya mtihani wa Darasa la Saba walizidi milioni moja na laki mbili.

Je, hesabu hizi zina maana gani kwetu sisi? Maana yake ni hii. Zamani mtoto aliweza kuushinda mtihani na bado akakosa kiti. Mlango ulikuwa mwembamba, na aliyeushika hakuwa sisi. Siku hizi mlango umepanuliwa. Mtoto akifaulu hupangiwa shule, kama si ya mbali basi ya kata. Kwa hiyo yule adui tuliyezoea kumsonta kidole, mkoloni, hayupo tena mlangoni. Tukiona mtoto wetu amebaki nje, yatupasa tutazame vizuri ni nani aliyeufunga mlango. Naogopa ya kwamba mara nyingi tutamkuta ni baba yake, au mama yake, au mimi, au tawi hili. (Kimya.)

Nitaeleza mtihani wenyewe, maana wako wazazi ambao hawajauona hata kwa macho. Mtihani huu hutungwa na Baraza la Mitihani la Taifa, lililoundwa mwaka 1973. Hufanywa mwezi wa Septemba kwa siku mbili. Mwaka 2024 ulifanywa tarehe 11 na 12, na mwaka 2025 tarehe 10 na 11. Katika siku mbili hizo mtoto hufanya masomo sita: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Teknolojia, Maarifa ya Jamii na Stadi za Kazi, na Uraia na Maadili. Maswali mengi ni ya kuchagua jibu moja kati ya kadhaa, na mtoto hutia kivuli kwa penseli juu ya herufi ya jibu lake katika karatasi maalumu, na karatasi ile husomwa na mashine. Mashine haina huruma. Haimwoni mtoto kuwa ana usingizi, wala haijui ya kwamba jana usiku alichota maji. Akitia kivuli mstari usio wake, mashine huhesabu kosa.

Sasa tazameni. Miaka saba ya kusoma hupimwa kwa siku mbili. Katika majuma mawili yaliyobaki hatuwezi kumfundisha mtoto yale ambayo hakufundishwa kwa miaka saba. Lakini twaweza kabisa kumpotezea yale aliyoyajua. Hilo ndilo nililokuja kusema, na nitalisema katika mafungu.

FUNGU LA KWANZA NI KAZI ZA NYUMBANI. Mwezi wa Septemba katika nchi yetu hii ni kiangazi. Makorongo yamekauka, na maji yako mbali. Ng'ombe nao hupelekwa mbali kutafuta majani. Nani huchota maji? Binti. Nani huchunga? Kijana. Najua hapana nyumba isiyo na kazi, na mtoto asiyefanya kazi hakulelewa. Siwaambii mwafanye watoto wenu kuwa wageni katika nyumba zao. Nasema kwa majuma haya mawili tu, kazi ile nzito ichukuliwe na mwingine. Baba mwenye baiskeli afunge madumu mawili akateke maji mwenyewe. Sioni aibu yake iko wapi. (Makofi ya akina mama.) Naona mama zetu wamepiga makofi, na wazee wametazama chini. (Kicheko.) Mchungaji aweza kupatikana kwa zamu, nyumba tatu zikakusanya mifugo yao chini ya mtu mmoja mzima. Babu zetu walijua kusaidiana hivyo, wala hawakusubiri kuambiwa na serikali.

Muachieni mtoto kazi ndogo, kama kufagia kiwanja au kuosha vyombo. Kazi ndogo humpumzisha akili. Kazi ya maili tano na ndoo kichwani humwua.

FUNGU LA PILI NI USINGIZI. Wako wazazi wapendao kusema, "Mwanangu anasoma mpaka saa nane za usiku!" nao husema kwa fahari. Ndugu zangu, hiyo si fahari. Wataalamu wa usingizi wanasema mtoto wa miaka 6 mpaka 12 ahitaji kulala saa 9 mpaka 12 kila usiku, na kijana aliyezidi hapo saa 8 mpaka 10. Tena wamegundua ya kwamba ni katika usingizi ndipo ubongo huyapanga na kuyahifadhi mambo mtu aliyojifunza mchana. Mtoto akikesha, ni kama mtu anayevuna uwele mchana kutwa kisha akauacha nje ya ghala. Asubuhi atakuta ndege wamekwisha kula.

Basi mtoto asome jioni mwanga ungalipo, na akisoma usiku asivuke saa tatu. Moshi wa kibatari huumiza macho na kifua. Mwenye taa ya jua amwazime na mtoto wa jirani, waketi pamoja. Simu iondolewe mkononi mwa mtoto usiku, na baba naye asiiweke redio yake juu kana kwamba awatangazia na walioko Kondoa. Chandarua kitandikwe, maana malaria haitazami tarehe ya mtihani. Na mtoto akipata homa msiseme "tungoje tuone." Apelekwe zahanati siku ile ile, na mwalimu mkuu aambiwe.

FUNGU LA TATU NI CHAKULA. Hapa sitawataka mfanye karamu. Mtoto anywe uji kabla ya kuondoka, uji mzito wa uwele au wa mtama, na ukiwa na karanga zilizotwangwa ni bora zaidi. Jioni ale ugali na mlenda, na kunde au dagaa vikipatikana. Wala msingoje siku ya mtihani ndiyo mumchinjie kuku mtoto ambaye tumbo lake halikuzoea, akashinda chooni badala ya kuwa darasani. (Kicheko.) Mwacheka, lakini nilipata kumwona mtoto wa namna hiyo.

Na hapa nitasema jambo moja kwa heshima. Kumwombea mtoto dua, kanisani au msikitini, ni jambo jema, na mzee kumtemea mjukuu mate ya baraka hatumkatazi. Lakini kumnywesha mtoto dawa za kufungua akili, zisizojulikana zimetoka mti gani, ni hatari. Akili ya mtoto haijafungwa na mtu. Mara nyingi imefungwa na njaa.

FUNGU LA NNE NI KUMSAIDIA KUSOMA. Najua wengine watasema, "Mwalimu, mimi sikufika hata darasa la pili, nitamsaidiaje?" Sikilizeni. Kazi hii haidai kisomo. Mwite mtoto jioni, keti naye, mwambie, "Mwanangu, leo umesoma nini? Nieleze mimi nisiyejua." Mwache aeleze mpaka uelewe. Akikwama, mwambie afungue daftari atazame, kisha aeleze tena. Mtu huyajua vizuri yale awezayo kumweleza mwingine, na kujiuliza maswali huingiza elimu kuliko kusoma ukurasa ule ule mara kumi kwa macho. Kwa hiyo mama asiyejua kusoma aweza kuwa mwalimu mzuri kabisa, kwa sababu ndiye atakayemfanya mtoto aeleze tangu mwanzo.

Asisome somo moja siku nzima. Asome Hisabati kidogo, apumzike, asome Kiswahili, kesho airudie Hisabati ile ile. Na mitihani ya miaka iliyopita aifanye kwa kutazama saa, tena atie kivuli kwa penseli kama atakavyofanya siku yenyewe. Afundishwe kutazama namba ya swali na namba ya mstari kabla ya kutia kivuli. Hili nalisema kwa uchungu, nanyi mtaona kwa nini.

FUNGU LA TANO NI MANENO YETU. Ndugu zangu, hapa nitawaeleza habari yangu mwenyewe, ingawa si ya kujivunia.

Nilifundisha watoto wa watu wengine kwa miaka mingi. Mwaka 2013 mwanangu wa tatu alifika Darasa la Saba. Alikuwa mtoto mwerevu, mpole, mwenye kupenda wanyama. Ndama wa jirani akiumwa, yeye ndiye aliyekaa naye. Mimi nilikuwa mwalimu, na niliogopa aibu. Nilijiambia, mtoto wa mwalimu akishindwa watu watasemaje? Basi usiku wa kuamkia mtihani nilimwita, nikamwambia maneno haya: "Kesho ukishindwa, usirudi katika nyumba hii." Nilidhani namtia moyo. Nilidhani hofu ni kama fimbo ya mchungaji, huwapeleka ng'ombe mbele.

Mtoto hakulala. Asubuhi hakunywa uji. Akaingia katika mtihani wa Hisabati, na alipofika katikati akaona ya kwamba amekuwa akitia kivuli mstari mmoja chini. Mtoto aliyetulia angenyosha mkono, akafuta, akaanza upya. Yeye mikono ilimtetemeka, akafuta mpaka karatasi ikachanika, na muda ukaisha. Haya alikuja kuyaeleza baadaye sana. Siku ile hakuyaeleza kwa mtu, kwa sababu hakurudi nyumbani. Nilikuwa nimemwambia asirudi, naye alikuwa mtoto mtiifu. (Kimya.) Tulimtafuta siku mbili. Tulimkuta kwa mjomba wake, amekwenda kwa miguu.

Matokeo yalipotoka jina lake halikuwemo. Leo ni mwashi, na ni mwashi mzuri. Kuta hizi za nyumba ya tawi mnazoziegemea ni kazi ya mikono yake. Sisemi ameharibikiwa. Kazi ya mikono ni kazi ya heshima, na nchi haijengwi kwa kalamu peke yake. Lakini yeye alitaka kuwa mganga wa mifugo, nasi hapa twahitaji mganga wa mifugo, kila mwaka ng'ombe wetu wafa. Hakukosa akili. Alikosa baba kwa usiku mmoja tu.

Kwa hiyo nawaomba. Usiku ule wa mwisho msimkumbushe mtoto bei ya sare. Msimtajie mtoto wa fulani. Msimwambie "ukoo mzima wakutazama wewe." Mwambieni, "Mwanangu, fanya uwezavyo. Ukirudi utakuta chakula, na hapa ni kwenu." Maneno haya hayagharimu hata shilingi moja, nami ningetoa ng'ombe wote nilio nao niweze kuyasema mwaka ule.

FUNGU LA SITA NI BINTI ZETU. Hapa nitasema wazi, nanyi mtanisamehe.

Yako mambo ambayo mama atafanya bila kusema na mtu. Aulize tarehe za binti yake, amwandalie vitambaa safi au pedi mapema, ili asubuhi ya mtihani binti asibaki nyumbani kwa haya. Hilo mama zetu wamelisikia.

Lakini liko jingine. Tumesikia ya kwamba yuko mzazi katika kijiji hiki aliyemwambia binti yake, "Ukiingia katika chumba kile, tia kivuli ovyo ovyo. Ufeli. Maana mahari imekwisha kuzungumzwa." (Minong'ono.) Tafadhali, ndugu Mwenyekiti, watu watulie. Binti mwenyewe alimweleza bibi yake huku akilia, na bibi yake hakuweza kunyamaza. Sitamtaja mzazi huyu. Sikuja kumwaibisha mtu. Nimekuja kumwomba, na kama yumo humu ananisikia.

Mzee wangu, nakujua u maskini, na mwaka huu mvua ilikuwa haba. Sidhani wamchukia mwanao. Wadhani ng'ombe wale wataiokoa nyumba. Lakini fikiri. Wamwagiza mtoto aseme uongo juu ya akili yake mwenyewe. Wamwagiza aifute miaka saba kwa mkono wake. Mkoloni alimnyima mtoto wetu kiti, lakini hata yeye hakumlazimisha kukikataa kwa kalamu yake. Tena sheria iko wazi. Tangu mwaka 2016, anayemwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au ya sekondari, au kumpa mimba, aweza kufungwa miaka 30, na wanaosaidia ndoa ya namna hiyo nao ni wakosaji. Ng'ombe wale watauzwa kulipa wakili. Kwa hiyo utakuwa umempoteza binti, na ng'ombe, na mkwe, vyote pamoja.

Mpe mtoto siku hizi mbili. Afanye kwa akili aliyopewa na Mungu. Kisha wewe na sisi tutaketi tuizungumze njaa ya nyumba yako, maana njaa ile ni ya tawi zima wala si ya kwako peke yako. Kama tawi haliwezi kumsaidia mwanachama wake gunia la mtama asimwuze mtoto, basi kadi tulizo nazo mifukoni ni karatasi tu. (Makofi.)

FUNGU LA SABA NI SISI WENYEWE WA TAWI. Naona Katibu ameanza kunitazama kwa jicho la pembeni. (Kicheko.) Mwaka jana, usiku wa kuamkia mtihani, vipaza sauti vilipigwa katika kijiji hiki mpaka saa sita za usiku. Nani aliyevipiga? Haikuwa ngoma ya harusi, wala haikuwa kibanda cha picha. Tulikuwa ni sisi, chama, tukipokea wageni wetu. Tuliimba nyimbo za kusifu elimu, na watoto waliokuwa wakitafuta elimu yenyewe hawakupata usingizi. Mimi nilikuwa pale, na niliimba. Chama kisichoweza kujikosoa hakina haki ya kumkosoa mzazi. Kwa hiyo na tuanze sisi.

Na liko jambo la mwisho katika fungu hili. Kila mwaka hutokea watu wa mjini wanaonong'ona ya kwamba wana karatasi ya mtihani, nao huwachangisha wazazi. Msitoe hata senti. Mara nyingi ni matapeli tu. Na ikiwa si matapeli, ni wezi, na matokeo ya mtoto yaweza kufutwa kwa wizi ambao hakuufanya yeye. Mtoto anayefundishwa kuiba mtihani leo, kesho tukimpa ghala la ushirika ataiba ghala.

Sasa naomba tawi liyaazimie mambo haya, nayo ni matano.

La kwanza: kuanzia leo mpaka mtihani uishe, mtoto wa Darasa la Saba asitumwe maji ya mbali wala kuchunga, na kila balozi wa nyumba kumi aangalie nyumba zake.

La pili: hapana mkutano wa vipaza sauti, wala ngoma, wala sherehe ya usiku, katika juma la mtihani. Wenye harusi waombwe kwa adabu wasogeze siku. Harusi husubiri, lakini mtihani hausubiri.

La tatu: siku zote mbili za mtihani uji upikwe shuleni mapema asubuhi. Kila nyumba itoe kibaba kimoja cha unga, pamoja na nyumba zisizo na mtoto wa Darasa la Saba, maana mtoto wa jirani akifaulu ndiye atakayekuja kutuandikia dawa katika zahanati yetu.

La nne: watoto wa vitongoji vya mbali wasitembee gizani asubuhi ile. Walale kwa ndugu walio karibu na shule, wasichana wakiwa na mama wa kuwaangalia. Saa moja na nusu kila mtoto awe amefika, ana penseli mbili zilizochongwa, kifutio, na kalamu ya wino.

La tano: mama wawili watakaochaguliwa na mkutano huu wapite katika kila nyumba yenye binti wa Darasa la Saba, waongee na mzazi kwa upole, na wahakikishe ya kwamba binti anafika mtihani na anaufanya kwa moyo mmoja.

Na mtihani ukiisha, ndugu zangu, msimsimamishe mtoto njiani kumwuliza, "Ulijibu nini swali la kumi?" Umekwisha toka mikononi mwake. Mpeni maji anawe, mpeni chakula, mwacheni alale. Matokeo yakija mazuri tutashukuru. Yakija mabaya, huyo bado ni mwanetu, na bado ziko njia: viko vyuo vya ufundi, na Sera ya Elimu toleo la 2023 imekwisha sema elimu ya lazima iwe miaka 10, kwa hiyo nchi yenyewe inaelekea mahali ambapo mtoto hatahukumiwa maisha yake yote kwa siku mbili. Lakini watoto wetu wa mwaka huu bado wanazo siku mbili hizo mbele yao, nasi tuna majuma mawili.

Wazee wetu wa TAPA walikandika udongo kwa mikono yao ili mtoto apate mahali pa kuketi. Sisi hatuombwi kukandika udongo. Twaombwa kuteka ndoo ya maji, kuzima kipaza sauti, kutoa kibaba cha unga, na kufunga mdomo usiku mmoja. Tukishindwa na haya, tusiseme tena ya kwamba sisi ni watoto wa wale waliopigania uhuru.

Ndugu Mwenyekiti, nimekwisha.

Uhuru na Kazi!